Picha ya Pili ya Bi Mashavu

Haya hayakutokea kwetu. Kwetu, kama mnavyojua, tumeshiba na viongozi wetu wanatupenda. Yalitokea katika Jamhuri ya Neema, nchi ya mbali kabisa, na msomaji atakayedhani anawatambua watu wake ana matatizo ya macho, aende akapimwe.

Mimi nayajua kwa sababu niliishi huko, nikiwa nimeajiriwa serikalini kwa cheo cha Mshika Mwavuli. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya Mheshimiwa Dakta Sekibo Ndimbwelu, Waziri wa Taswira na Shibe, na kuhakikisha jua halimgusi. Katika picha zote za Mheshimiwa mimi ni mkono tu. Sikulalamika. Wengine hawakuwa hata mkono.

Katika Neema njaa ilikuwa imefutwa kisheria. Bunge lilikaa, likaijadili, likaipigia kura, likaifuta, kisha wabunge wakaenda kula. Tangu siku hiyo hata kulitaja neno lenyewe kukawa kosa. Aliyekosa chakula aliruhusiwa kusema ana shibe iliyochelewa. Mwanamke mmoja wa bonde la Kwamgumi, ambaye alizaliwa mwaka wa ukame na wazazi wake wakamwita Mwanjaa, aliitwa ofisi ya wilaya akabadilishwa jina, akawa Mwashibe. Alipewa na cheti. Kwa bahati mbaya sheria ile haikuitaja mvua, na mvua, kwa kuwa haikutajwa, ikajiona haihusiki. Ikagoma misimu miwili mfululizo.

Mwanjaa, au tuseme Mwashibe, alikuwa na wifi yake, mjane, jina lake Mashavu. Alipewa jina hilo alipokuwa mtoto mnono. Sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye mifupa mingi usoni, na kila asubuhi alikwenda porini kuchimba ndiga, ile mizizi ambayo usipoiloweka na kuibadilishia maji mara nyingi inakuua. Aliiloweka, akaipika, akala na wifi yake pamoja na wajukuu wa wifi yake. Ndivyo walivyoishi.

Serikali haikulisahau bonde. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, kwa hiyo ikamtuma mpigapicha akawapige wananchi picha za kadi za kura. Aliitwa Hiari Nampunju, mtu wa mjini mwenye studio ndogo yenye pazia lililochorwa ndege na maporomoko ya maji. Ukisimama mbele yake ulionekana umesafiri. Huko Kwamgumi alitundika shuka jeupe, akawapiga watu mmoja mmoja, kichwa juu, usicheke, anayefuata. Alipomaliza akapita nyuma ya nyumba ya Bi Mashavu, akamkuta amechuchumaa jikoni, mwiko mkononi, jua la jioni likimpiga ubavuni.

"Mama, nikupige nyingine?"

"Piga, mwanangu. Na hiyo ni ya kura?"

"Hapana. Hii ni ya kwangu."

"Nitengeneze khanga?"

"Kaa hivyo hivyo. Niangalie tu."

Akamwangalia. Hiari akafumba jicho moja, akapiga.

* * *

Picha ile ilikwenda ng'ambo kwenye mashindano, ikawashinda simba, vita na machweo yote ya mwaka ule. Ikawekwa kwenye majumba ya makumbusho. Watu wa nchi tajiri walisimama mbele yake wakalia, wakatoka wakaenda kunywa kahawa, wakarudi wakalia tena. Balozi wa Neema alikuwa kwenye karamu, ana paja la bata mkononi, alipoulizwa: "Yule mama anaendeleaje?" Bata akamshinda.

Baraza la Mawaziri liliitwa haraka. Mlezi wa Taifa, yaani Rais, aliiweka picha mezani kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu chooni.

"Nani huyu?"

Hakuna aliyemjua. Waziri wa Kilimo alisema huenda ni wa nchi jirani. Waziri wa Afya alisema huenda ni mwembamba kwa hiari yake. Ndipo Mheshimiwa Ndimbwelu aliposimama, nami nikasimama nyuma yake na mwavuli wangu, ingawa tulikuwa ndani.

"Waheshimiwa," akasema, "tuitazame historia. Kamera iliingia kwetu ikiwa sanduku la miguu mitatu lenye mzungu chini ya kitambaa cheusi. Babu zetu walisimamishwa kando ya kijiti cha kupimia, wakaambiwa wasipumue mpaka sanduku lishibe mwanga. Kisha picha zao zikapelekwa ng'ambo kuthibitisha kwamba watu wa huku hawajui kucheka. Nani angecheka amebana pumzi? Babu zetu walisema sanduku lile linanyonya kivuli cha mtu. Tukawaona washamba. Leo, waheshimiwa, limenyonya kivuli cha taifa zima!"

Makofi. Mlezi wa Taifa alifuta jicho.

"Tumepigwa kwa picha, na tutajibu kwa picha. Mwanamke huyo huyo, jiko hilo hilo, khanga hiyo hiyo. Ila awe mnene, na acheke."

Azimio likapita kwa kauli moja. Hiari Nampunju akakamatwa studioni kwake, mbele ya maporomoko ya maji, kwa kosa la kupiga picha ya kitu ambacho hakipo. Bi Mashavu naye akafuatwa kwa gari lenye bendera.

* * *

Walimweka nyumba ya wageni ya Ikulu. Kwanza alikabidhiwa kwa Mpigapicha Mkuu wa Dola, Bwana Rashadi Kilungo, bingwa ambaye alikuwa amempiga Mlezi wa Taifa kwa miaka mingi bila Mlezi kuzeeka hata kidogo.

"Tatizo dogo hili," alisema Bwana Rashadi. "Yule mhaini alitumia mwanga wa ubavuni. Mwanga wa ubavuni unachimba mashimo. Mimi nitamwagia mwanga wa mbele, mashimo yatajifukia. Lenzi nitaishusha chini kidogo, mtu akipigwa kutoka chini hutanuka."

Mimi nilipewa mwavuli mweupe wa kurudisha mwanga. Niliona fahari. Taa ziliwashwa, Bi Mashavu akafumba macho kwa ukali wa mwanga. Picha ikatoka, na mifupa yote ilikuwepo, sasa inang'aa.

Bwana Rashadi akaagiza pamba. Akaifinyanga mafungu mawili, akamwomba bibi afungue kinywa, akamtia moja huku na moja huku.

Bi Mashavu akauliza kwa shida, "Hii inatafunwa au inamezwa?"

"Inakaa tu, mama."

"Chakula gani hiki cha kukaa tu?"

Ikabidi wamlishe kweli. Pilau asubuhi, kuku mchana, maziwa wakati wote. Daktari alikuja na mizani akatoka ameinamisha kichwa. Mama alikula vijiko vichache, akashukuru, akasema tumbo lake limesahau kazi. Lakini sahani zilirudi tupu, na jambo hilo liliwashangaza wapishi mpaka siku askari alipoinua godoro. Chini yake kulikuwa na nyama zilizoanikwa dirishani zikakaushwa, wali mkavu, mikate, vyote vimefungwa vizuri kwa kipande cha khanga.

Mheshimiwa alikuja mwenyewe.

"Mama, unaihujumu serikali. Nyama hizi unazificha za nini?"

"Za Mwanjaa na wajukuu zake, baba. Nikienda niwapelekee."

"Nani?"

"Mwashibe," nikamnong'oneza Mheshimiwa, kumlinda na lile jina.

"Huyo hayumo kwenye picha," akasema Mheshimiwa.

"Lakini yumo kwenye njaa."

Neno lilitoka wazi wazi, ndani ya uzio wa Ikulu. Daktari alijitia kupiga chafya. Askari alitazama dari. Mheshimiwa alivuta kiti akakaa, akasema kwa upole mkubwa, upole ambao sijawahi kuusahau:

"Mama, nielewe. Kijiji hakikupigwa picha. Umepigwa wewe. Kula wewe."

Bi Mashavu akamtazama hivyo hivyo alivyoitazama kamera ya Hiari. Kuanzia siku hiyo hakugusa hata maziwa.

* * *

Mlezi wa Taifa alikuwa anauliza kila asubuhi kama mama amenenepa. Mheshimiwa alikonda yeye. Siku moja akiwa kwake mezani, amemkabili mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, mama wa umri ule ule wa Bi Mashavu, mwenye uso mpana kama sinia na kicheko cha kutikisa vikombe, aliacha kijiko kikaanguka.

Siku zile zile msafara ulikwenda Kwamgumi. Bi Mwanatumu alifungwa khanga ya Bi Mashavu, akachuchumazwa jikoni kwa Bi Mashavu, akapewa mwiko wa Bi Mashavu na sufuria iliyojaa nyama. Akaambiwa acheke. Akacheka, maana tayari alikuwa ameanza kuonja. Picha ilikuwa safi mno. Ikabandikwa kila ukuta wa Neema na kutumwa ng'ambo, ya kwanza kushoto, ya pili kulia.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata Mheshimiwa hakulitarajia. Watu wa nchi tajiri hawakusema wamekosolewa, walifurahi! Walikuwa wamechanga fedha, na ingawa mchango wenyewe ulikuwa haujaondoka benki, waliona umeshafanya kazi. Wakaahidi meli za mahindi kwa ajili ya bonde zima, tena wakasema watakuja wenyewe kumwona Mashavu na kupiga naye picha.

Bi Mwanatumu akarudishwa Kwamgumi kuwasubiri. Yule mwingine, kwa kuwa hakuwa na kazi tena, alishushwa njia panda ya bonde. Furushi lake la nyama lilibaki Ikulu kama kielelezo.

Alitembea mpaka kwake, akamkuta mama mnene amekaa juu ya kigoda chake, anajipepea.

"Hodi."

"Karibu, dada. Wewe nani?"

"Mimi Mashavu. Ndiye mwenye nyumba."

"Aa," akasema Bi Mwanatumu, kwa huruma kabisa. "Mashavu ni mimi, dada yangu. Nimeambiwa nikae hapa mpaka wageni waje. Moshi wa jiko hili unaniua, sijui wewe ulikuwa unawezaje. Njoo ule, kuna kuku."

"Wifi yangu yuko wapi?"

"Wamewahamishia ng'ambo ya korongo, wasionekane. Wanaharibu mandhari."

Bi Mashavu hakuwahi kukaa. Askari wa lindo walishafika, wakamkamata kwa kosa la kujifanya yeye.

* * *

Mahakama ilijaa. Mheshimiwa alikaa mbele, nami nyuma yake.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana msomi. "Mheshimiwa hakimu, mshtakiwa anadai kwamba anaitwa Mashavu. Naiomba mahakama imtazame usoni. Yako wapi?"

Mahakama nzima ikamtazama. Hayakuwepo. Hakimu akaandika.

Hiari Nampunju aliletwa kutoka rumande, ndevu zimemjaa. Akaulizwa ni mwanamke gani aliyempiga picha jikoni.

"Huyu. Nilimpiga mwenyewe. Ni huyu, na nyinyi nyote mnajua."

"Ulipokuwa unampiga, macho yako yote mawili yalikuwa wazi?"

"Hapana. Mpigapicha hufumba moja."

"Kwa hiyo uliona nusu."

Hakimu akaandika: nusu ya ushahidi. Hiari akacheka kwa sauti, na kwa kicheko hicho akaongezewa miezi.

Kisha akaitwa Mwashibe. Alipanda kizimbani ameshikilia ukingo. Wajukuu zake walikaa benchi la nyuma, wametulia, utulivu wa watoto wasio na nguvu ya kuchokoza. Mwendesha mashtaka hakumuuliza moja kwa moja. Alimweleza kwanza.

"Mama, meli za mahindi zimetia nanga. Mahakama hii ikisema mwanamke wa picha ya pili siye Mashavu, wageni watajua wametapeliwa, na meli zitageuza. Umenielewa? Haya. Huyu mshtakiwa unamfahamu?"

Mwanjaa alimtazama wifi yake. Walikuwa wamechimba pamoja, wamepika pamoja, wamemzika pamoja marehemu kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa mume wa Mashavu. Akafungua kinywa, sauti isitoke. Akatazama benchi la nyuma. Akafungua tena.

"Usiseme kitu, wifi," akasema Bi Mashavu.

Hakimu aligonga meza, lakini mama alikuwa ameshamgeukia.

"Mheshimiwa, nikiwa mimi siye, hayo mahindi yatafika Kwamgumi?"

"Mahakama haifanyi biashara," akajibu hakimu. Lakini alimtazama Mheshimiwa Ndimbwelu, na Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, na mwavuli wangu ukaitikia pamoja naye.

"Basi mimi siye."

"Siye nani?"

"Siye Mashavu. Muandike hivyo."

"Sasa wewe ni nani?"

Mama alifikiri. "Si mtu," akasema.

Hukumu ilisomwa kwa lugha nzuri sana. Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa si mtu. Na kwa kuwa haiwezekani kumfunga asiyekuwepo, aende zake. Nje, Mwanjaa alimwangukia kifuani, analia hawezi kusimama.

"Nimekukana, wifi. Nilikuwa nakukana."

"Hukusema kitu. Nenda kaoshe kinu, mahindi yanakuja."

* * *

Na kweli yalikuja. Sitaki mtu aseme serikali ya Neema haikutimiza ahadi. Malori yalifika Kwamgumi yanapepea bendera, magunia yakapangwa mbele ya nyumba, mlima mzima, na Bi Mwanatumu akapandishwa juu yake akiwa ameshika mwiko. Wageni walipiga picha. Walipanda juu wakapiga naye. Wanakijiji waliruhusiwa kurudi kwa saa zile, wakasimama nyuma ya kamba, wakaimba wimbo wa shukrani. Wageni wakalia, wakapelekwa chini ya hema kunywa soda.

Mheshimiwa akamwita msimamizi wa malori, akamwambia kwa sauti ndogo, "Pakieni."

"Tupakie, Mheshimiwa? Si ndiyo tumeshusha?"

"Picha zimeshapigwa. Kesho magunia haya yanatakiwa bonde jingine, wageni wanapita huko pia. Pakieni polepole, wasione."

Wapagazi wakaanza. Wanawake wa Kwamgumi waliona gunia la kwanza linapanda lori, wakaona la pili. Wimbo ukafa. Mwanjaa alishika kamba kwa mikono miwili, na vinu vilikuwa vimeoshwa, vimefunikwa, vinangoja kila nyumba.

Bi Mashavu akainama, akapita chini ya kamba.

"Wewe! Nani wewe?" askari akafoka.

"Si mtu. Kamuulize hakimu."

Askari akasita. Alikuwa na amri ya kuzuia mtu yeyote, na hukumu ya mahakama aliisikia redioni. Mama akampita, akaufikia mlima wa magunia, akashika gunia moja kwa masikio yake mawili. Mheshimiwa, kwa kuwa askari alikuwa bado anatafakari, alikwenda mwenyewe. Nilimkimbilia na mwavuli. Akashika masikio ya upande wa pili.

"Achia," akasema, meno yamekutana. Alikuwa anatabasamu, maana wageni wawili walikuwa wamegeuka.

"Siachii."

"Utaozea jela, mwanamke."

"Utamfunga nani?"

Bwana Rashadi Kilungo, kwa mazoea tu, maana kila alipoona waziri anatabasamu kidole chake kilijituma chenyewe, akapiga. Taa ikamulika. Wageni wakadhani ugawaji umeanza, wakapiga makofi, wakatoka hemani mbio na kamera zao. Sasa kulikuwa na lenzi kila upande. Askari wakaficha bunduki migongoni na kutabasamu, kama walivyofundishwa. Mheshimiwa hakuweza kuvuta wala kuachia.

Mwanjaa ndiye aliyefuata chini ya kamba. Kisha mwingine. Kisha kamba ikakatika. Walichukua magunia wawili wawili, hawakupiga kelele, hawakumshukuru mtu. Hata yale yaliyokwishapanda lori yalishushwa. Bi Mwanatumu aliona mlima unapungua chini yake, akateremka, akajipangusa.

"Na hili nililokalia chukueni," akasema, kisha akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, mimi narudi mjini. Moshi umenichosha."

Kwamgumi walikula mpaka mvua iliporudi. Hiari Nampunju hatujamsikia tena. Studio yake sasa ni duka la simu. Bi Mashavu kisheria hayupo hata leo. Hawezi kupiga kura, hawezi kurithi, akifa hatapewa kibali cha kuzikwa. Mwanjaa humwita kwa jina lake kutoka ng'ambo ya korongo, kwa sauti kubwa, mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Ile picha ya Bwana Rashadi ilipendwa sana. Ukiingia ofisi yoyote ya Neema utaikuta ukutani, imewekewa fremu ya dhahabu: gunia limeinuliwa kati ya watu wawili, upande huu mwanamke mwembamba asiyetajwa jina, upande ule waziri anatabasamu, na chini imeandikwa MHESHIMIWA AKIMKABIDHI MWANANCHI CHAKULA. Watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Mimi ni mtumishi mwaminifu, sina la kuongeza kwenye maandishi ya serikali, ila nilikuwa hatua moja nyuma ya Mheshimiwa na niliiona mishipa ya shingo yake. Alikuwa anavuta.